Lineti ya Mémoire

Watu ya hapa wanakaliaga lineti yao. Ni tabia gani hiyo, sijui. Mutu anaivua, anaiweka kwa kiti, anaenda kufungua mulango, anarudi na kuikalia na kilo zake zote. Kisha anakuja kwangu, kwa kibanda yangu ya Nyawera, vipande vimefungwa mu kitambaa, na ananiuliza: Maman Rosalie, itapona? Miaka kumi na saba niko natengeneza na kuuza lineti, ile watu ya pwani wanaita miwani, na jibu yangu haijabadilika. Mimi si Yezu, sifufuaga wafu.

Ndiyo maana nilifurahi sana siku ndugu yangu Hugues aliniletea kutoka Kampala monture kumi na mbili, ile mifupa ya kushika vioo, za chuma ya namna ingine. Chuma ile unaikunja mpaka mukono wa kuume unagusa wa kushoto, unaizungusha kama kamba ya kufungia mbuzi, na ukiiachilia inarudia vile ilikuwa. Kwa Kifaransa wanaiitaga monture à mémoire, ni kusema yenye akili ya kukumbuka. Nikaitundika mbele kabisa. Watu wakaanza kuingia kwa kuikunja tu, kwa muchezo, bila kununua, mpaka nikakasirika na kuandika kwa karton: USIKUNJE KAMA HAUNUNUE. Wakasoma, wakacheka, wakaendelea kukunja.

Siku moja, asubuhi, akaingia maman moja wa kule Kasha, Bagira, na bwana yake. Yeye tunamujua wote kwa jina ya Mama Josué, juu mutoto yake mukubwa ni Josué, ule anafundisha kilimo Luvungi. Bwana yake ni Mwalimu Léopold. Nusu ya wazee wenye kuandika barua nzuri mu muji huu walipita mu mikono yake. Alikuwa amevaa veste na kravati, viatu vinangaa, na bibi yake alikuwa amemushika kwa kiwiko. Akanisalimia kwa Kifaransa ya zamani, ile yenye heshima, akaniuliza niko mutoto ya nani. Nikamuambia. Nikiwa bado natafuta sanduku ya vioo vya kupimia, akaniuliza tena niko mutoto ya nani, na heshima ile ile. Nikamuambia tena. Mama Josué akaangalia chini.

Nilimupima macho. Lineti yake ya zamani ilikuwa imefungwa na uzi na ilikuwa inamudanganya kwa kila kitu, ya karibu na ya mbali. Nikaandika namba zake, kisha nikakamata monture moja ya Hugues, nikaikunja mbele yao na kutoa hotuba yangu, ile natoaga kwa kila mutu.

Nikasema: “Hii iko na mémoire, maman. Inakunjwa, inaanguka, inakaliwa, haisahauke. Inakumbuka tu vile ilikuwa tangu mwanzo.”

Mama Josué akaniuliza kama ni kweli. Mimi mutu akiniuliza kama nasema kweli, damu inapanda. Nikaikunja tena, mara mbili, mara tatu. Akauliza kama haisahau hata kidogo. Nikasema hata kidogo. Akafikiri, akashusha sauti, akauliza: hata kama mutu amekuwa muzee? Mimi nilielewa kwamba anaogopa muzee ataikalia. Nikamujibu na kifua mbele kwamba hasa kwa wazee, kwamba kama kuna watu wanahitaji kitu ya namna hii ni wazee, na yeye mwenyewe ataona. Akanishika mukono, akasema aksanti, aksanti sana, Mungu akuongezee siku. Nikajiambia, leo nimepata mutu anajua kitu chema.

Nikaweka vioo, nikamuvalisha Mwalimu, akasoma karton yangu mbele ya wote: “Usikunje kama haununue.” Akasema ile sentensi inakosa alama ya mushangao. Wakaenda.

Ziliisha juma tatu. Mama Josué akarudi peke yake, uso umefungwa. Hakusalimia. Akasema: “Haifanye kazi.”

Hapo nikawaka. Kazi yangu mutu hawezi kuisema vile mbele ya wateja. Nikauliza kama imevunjika, akasema hapana. Kama vis ya kukazia mikono imelegea, hapana. Kama vioo havimufae, akasema hapana, anasoma vizuri, hata maandishi madogo ya kwa chupa ya dawa anasoma. Sasa nikamuuliza, na sauti ya juu kidogo, kitu gani haifanye.

Akaketi na kunielezea. Kwamba anamuvalisha ile lineti asubuhi mbele ya sala. Kwamba magaribi hamuvue, analala nayo. Na pamoja na hayo yote, bado Mwalimu anauliza kama masomo imeanza, bado anatafuta baiskeli iliyoibiwa zamani, kabla Carmel, binti yao ya mwisho, hajazaliwa. Na juzi yeye, bibi yake, aliingia kutoka soko na Mwalimu akasimama, akamupa kiti, akamuuliza kama ametoka mbali.

Nilihitaji wakati kidogo kuelewa. Mémoire. Haisahauke. Hasa kwa wazee. Kumbe yeye hakununua chuma. Alinunua akili ya bwana yake.

Na nilicheka. Ni vizuri niseme ukweli. Kinywa ilifunguka mbele ya kichwa, ni ugonjwa yangu tangu utoto. Mama Josué akaniangalia tu, hakukasirika, alingojea nimalize ili nimueleze namna ya kuitengeneza. Kicheko ikanikauka. Nilisikia haya mpaka mu mikono.

Akaendelea. Akasema, mwezi kesho ni jubilei yao, miaka makumi tano ya ndoa. Paroisse, parokia yetu, itafanya misa moja kwa wenye jubilei wote, na Padri amesema kila mutu atarudilia maneno ya ndoa na kinywa yake mwenyewe. Ule hawezi, hakuna neno, ataketi na kubarikiwa tu. Watoto wote, Josué na Carmel na wengine, wamesema papa aketi. Yeye amekataa.

“Rosalie, mimi niko Mama Josué. Kwa soko, Mama Josué. Mu kikundi ya wamama, Mama Josué. Na yeye mu nyumba ananiita vilevile. Jina yangu, Domitille, aliitaja mara moja tu, mbele ya altare, na ilikuwa wakati ya Zaïre, majina ya ubatizo imekatazwa na serikali, Padri alitutaja pole pole kama mwenye kuiba. Nataka niisikie mara ya pili kabla hajaenda kabisa.”

Hapo ndiyo nilipaswa kumuambia. Maman, tulisikilizana vibaya, mémoire ni ya chuma, rudisha nikuonyeshe. Maneno kumi hivi. Lakini alikuwa ameshika mukoba yake juu ya magoti na ananiangalia kama vile watu wanaangaliaga daktari, na mimi, Rosalie, mwenye kujibu wote, nikakosa nguvu. Nikasema uongo. Nikasema ile lineti inaombaga wakati. Nikasema tena, juu uongo moja haitoshake, kwamba haisaidie kitu kumuvalisha na kumuacha vile. Lazima akae mbele yake, karibu, amusimulie mambo yao ya zamani, kila siku kidogo, lineti ikiwa kwa macho. Na asimukemee akikosa. Lineti haipendi kelele.

Lineti haipendi kelele. Nilisema vile, Mungu ananiona.

Akaenda na furaha, na mimi nikabaki na mavi ya uongo yangu kwa miguu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na tarehe: Jumapili, siku ya mungu ya kwanza ya mwezi kesho. Nilianza kukosana na wateja bila sababu. Nilimufukuza mutu aliyekunja monture, na alikuwa ameshalipa. Mwisho nikaona afadhali nimuambie sasa, alie sasa, kuliko alie mbele ya kanisa muzima. Siku ya ine ya juma nikafunga mulango, nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka Kasha.

Nilimukuta Mwalimu peke yake, mbele ya nyumba, ameketi kwa banc na lineti yake, gazeti ya zamani kwa magoti. Bibi yake alikuwa ameenda kwa fundi wa kushona, kupima kikwembe ya jubilei. Mwalimu akanisalimia, akasema: “Maman wa lineti.” Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Carmel, siku alipita Nyawera, alikuwa ameniambia kwamba anakuwaga nazo, moja moja.

Nikaketi pembeni yake, nikamuambia nimekuja kuomba musamaha kwa bibi yake. Nilianza kumueleza, mémoire, chuma, hotuba yangu. Akainua mukono vile walimu wanazimaga darasa.

“Maman, nilifundisha Kifaransa miaka makumi tatu na sita. Mémoire ya chuma na mémoire ya mutu, naweza kutofautisha. Siku ile tulitoka kwako, mu njia aliniambia kwamba sasa nitapona. Nilijua amesikia vibaya.”

Nikamuuliza kwa nini sasa hakumusahihisha. Akakunja gazeti mara mbili, na nikaogopa kwamba amenipotea. Kisha akasema, pole pole, akitafuta kila neno, kwamba tangu hii ugonjwa imeanza watu wanaongea juu yake, hawaongee naye. Watoto wanaulizana mbele yake kama amekula. Bibi yake mwenyewe, mwenye kumupenda, alikuwa amechoka, anamunawisha na kumulisha bila neno, na akikosa kitu anamukemea juu ya uchungu. Sasa, kila siku nyuma ya chakula, anavuta kiti, anakaa mbele yake, anamunyooshea lineti, na anamusimulia.

“Ananiambia mambo yangu yote,” akasema. “Mengine nakumbuka. Mengine nasikia kama ni ya mutu mwingine, mutu mwenye bahati. Usimuambie kitu, maman. Ukimuambia, ataondoa kiti.”

Nilitaka kubishana naye, juu na jubilei je? Nilimuuliza vile. Akanitazama na kuniuliza jubilei ya nani. Siku nzuri ilikuwa imekwisha.

Mama Josué akatokea na kikwembe mu sachet. Alifurahi kuniona, akaniletea ndizi na sambaza ya kukaanga, zile samaki ndogo za ziwa, akaniomba nichungulie kama lineti imekaa vizuri kwa pua. Ilikuwa imekaa vizuri. Kisha akavuta kiti, akakaa magoti kwa magoti na bwana yake, akaanza. Alimusimulia Bunyakiri, kazi yake ya kwanza, masomo yenye paa ya majani, namna mvua iliingiaga na watoto wakaweka vitabu chini ya mashati. Alisimulia vizuri, ule maman. Alimuiga directeur wa masomo, mwenye kigugumizi, na Mwalimu akacheka. Mimi nilikula sambaza yangu mpaka ya mwisho. Nilirudi Nyawera bila kusema kile kilinipeleka.

Siku ya jubilei nilienda mapema na nikakaa karibu na mulango, ili nikimbie. Wenye jubilei walikuwa ndoa sita, bwana na bibi, wote mbele, kwa viti vyenye vitambaa vyeupe. Mama Josué alikuwa amevaa kikwembe ya rangi ya chungwa, na Mwalimu veste ileile na lineti yangu. Josué alikuwa ametoka Luvungi usiku, ameketi nyuma ya baba yake na mukono tayari, kama mutu anangojea kushika kitu kinaanguka.

Wa kwanza wakasema maneno yao, watu wakapiga vigelegele. Wa pili. Wa tatu. Padri akafika kwao. Alikuwa na huruma, alimuinamia Mwalimu na kumusomea polepole, na Mwalimu akarudilia nyuma yake, na sauti ya darasa, safi: “Mimi Léopold ninakupokea wewe.”

Akakwama pale. Kanisa yote ikakwama naye. Padri akangoja, mimi nikaanza Salamu Maria na sikuimaliza. Josué akasogeza kichwa ili amunongoneze, na mama yake akamukataza na mukono bila kugeuka. Alikuwa anamuangalia Mwalimu tu. Mwalimu naye alikuwa anamuangalia, kwa kweli anamuangalia, kupitia vile vioo, sura yote.

Akasema: “Wewe, Mama Cirhuza, kuwa bibi yangu.”

Eh, Yezu. Cirhuza ni nani? Mu ile nyumba hakuna Cirhuza. Kuna Josué, kuna Carmel, na wale wengine watatu tunawajua wote, na hakuna Cirhuza. Mu banc yangu wamama waliangaliana, na neno ikatembea kutoka banc mpaka banc: deuxième bureau. Muzee amefichua bibi yake ya pembeni, na mutoto amezaa naye, mbele ya altare, siku ya jubilei. Mutu moja nyuma yangu akasema akili ikipotea siri inatoka. Ningemupiga, lakini ukweli ni kwamba na mimi niliwaza ileile. Niliwaza tena kwamba ni mimi nilimushauri akae kila siku akimuchimba ule muzee, na sasa ona nini ametoa.

Josué alikuwa ameinamisha kichwa. Padri akasahihisha pole pole, akasema: Domitille, Muzee. Sema, Domitille.

Mama Josué akainua mukono. Alisema bila kupandisha sauti, lakini micro ya Padri ilikuwa karibu na wote tulisikia.

“Padri, usimurudishe nyuma. Amesema vizuri. Ni mimi.”

Kisha akasema maneno yake mwenyewe, yote, bila kusomewa, akamuvalisha pete. Vigelegele vilitoka vichache, juu watu hawakujua wapige ya nini.

Nyuma ya misa, uwanja ulijaa watu wa kupiga picha. Nilimukuta pembeni ya ukuta, peke yake, ameshika kitambaa. Nilikuwa nimekata shauri ya kumuambia yote, chuma na uongo na kicheko changu, hata kama Mwalimu alinikataza. Sikupata nafasi. Alinishika mikono yote mbili na kuanza yeye.

Aliniambia kwamba Cirhuza alikuwa mutoto yao ya kwanza. Alizaliwa Bunyakiri, mwaka ileile ya ndoa, na aliishi siku tisa. Walimuzika kule. Mwaka uliofuata walihamishwa, Josué akazaliwa, na watu wa hapa wakaanza kumuita Mama Josué, naye akaitika. Hawakukata shauri ya kunyamaza. Ilikuja tu vile. Watoto wao hawajui. Yeye na Mwalimu wenyewe, hata siku moja, hawajamutaja.

Nikamuuliza kama ni yeye alimukumbusha, mu zile simulizi za kila siku. Akatikisa kichwa.

“Nilimusimulia yote, Rosalie. Masomo, mvua, directeur. Ile, hapana. Sikuweza. Siku tisa niliitwa vile, na ni yeye peke yake aliniita. Miaka hii yote nilidhani kwamba nimebaki nayo mimi tu.”

Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapanguza. Kule mbele Mwalimu alikuwa anapigwa picha katikati ya wajukuu, anauliza kila moja ni mutoto ya nani.

Ile neno ya chuma ilikuwa mu kinywa yangu, tayari. Nikaimeza. Nikaenda kunyanganya kiti kwa wale wa korali, nikakirudisha, nikakiweka mu kivuli ya ukuta.

“Kaa hapa, Mama Cirhuza,” nikamuambia.

Akakaa.